Forosadi za Baba Mkwe

Jumapili, 2 Machi

Bado nageuza kidole kuitazama pete kila ninapoosha vyombo. Leo nimevunja kikombe kwa sababu hiyo na wala sijajuta. Mume wangu alikuja akaokota vipande, akaushika mkono wangu wenye povu akaubusu, akasema hajawahi kuonja sabuni tamu namna hii. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

"Bibi harusi," akasema, "kikombe hicho kilikuwa cha seti."

Kisha akaenda zake. Hivyo ndivyo anavyoniita, bibi harusi. Harusi imekwisha, gauni limekunjwa na kufungiwa kwenye mfuko wake, lakini mimi bado ni bibi harusi, kama mtu aliyealikwa kwenye sherehe akasahau kurudi kwao.

Tunaishi nyumbani kwake. Chumba chetu ni cha nyuma, na dirisha linatazama mforosadi uliojaza uwanja mzima. Naupenda mti huu. Kila kitu chini yake kina rangi ya zambarau: sakafu, kamba ya nguo, hata paka. Ulikuwa mti wa baba mkwe, ambaye sikubahatika kumwona. Alikuwa mpiga chapa. Kila msimu aliloweka forosadi kwenye pombe kali, akaziacha stoo gizani, na mvua zilipokwisha akawamiminia ndugu na majirani. Tangu uchumba nimekuwa nikisikia habari za kinywaji hicho. Wengine huposwa kwa maua, mimi nilisimuliwa kinywaji cha mzee.

Leo mezani mume wangu alichungulia dirishani akasema forosadi zimeiva, kwa sauti iliyonikata maini. Nikasema, "Nitakutengenezea ya baba."

Mama mkwe aliacha kutafuna. Shemeji, mdogo wake mume wangu, ambaye tunamwita Mdomo kwa sababu haufungi, akasema, "Fundi bomba amejaribu miaka yote, akashindwa. Na mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha."

"Fundi bomba hanipendi kama anavyonipenda mke wangu," mume wangu akasema. Papo hapo akampigia simu dada yake mkubwa anayeishi mbali, kumwambia kwamba akija mwanzoni mwa Juni atakuta ya baba mezani. Nikamsikia wifi akilia kwenye simu. Sasa nitarudi nyuma vipi?

Jumamosi, 8 Machi

Nimetandika shuka kuukuu chini ya mti na mume wangu akapanda kutikisa matawi. Forosadi zikaninyeshea kichwani. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Akiwa juu kule aliniuliza kama nakumbuka tulichoahidiana, nami nikamjibu nakumbuka: tusifichane kitu, hata kiwe kidogo kama sindano. Akaniambia nirudie kwa sauti. Nikarudia. Mama mkwe akafunga dirisha la jikoni.

Fundi bomba, rafiki wa mzee, alikuja kunielekeza. Hakuna siri yoyote, alisema. Mzee alimwambia kila aliyeuliza: forosadi zilizoiva mpaka zinataka kupasuka, sukari ya kufunika, pombe kali nyeupe isiyo na ladha yake, chupa pana ya kioo, giza. Basi.

"Sasa wewe mbona ulishindwa?" nikamuuliza.

"Hata mimi nilimuuliza hivyohivyo. Akaniambia ni mkono. Akacheka sana, yule mzee. Ni mkono tu, fundi."

Nimefunga shingo ya chupa kwa utepe mwekundu wa shada langu la harusi.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Dukani ninakofanya kazi tumekata fremu za picha za mahafali mchana kutwa. Vidole vyangu ni vya zambarau na wateja wanadhani nina ugonjwa.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimekemewa kwa kumwaga chai. Chai ya rangi iliyobaki kwenye birika tangu asubuhi, nyeusi kama lami, baridi. Niliimwaga nilipokuwa naosha birika. Mama mkwe akasema, "Bibi harusi, nyumba hii chai haimwagwi." Nikamuuliza nani anakunywa kiporo cha chai. Akalichukua birika mkononi mwangu. Nimemwambia mume wangu, akanikumbatia akasema mama ni mtu wa kubana matumizi, nisitie moyoni. Sijatia moyoni. Nimeandika tu.

Jumapili, 30 Machi

Tumefungua chupa ya utepe mwekundu. Nilikuwa nimejipamba kabisa, nimevaa hereni.

Juu palikuwa na ukungu, kama sufi nyeupe. Fundi bomba akasema niliziloweka zikiwa bado na maji, nilipaswa kuzikausha kwanza baada ya kuosha. Sasa anasema. Siku ile alikaa hapohapo akila forosadi zangu na kutikisa kichwa, hakusema.

Tuliondoa ya juu, tukachuja ya chini. Mama mkwe alionja kwa kijiko cha chai, akakiweka kijiko juu ya sahani taratibu kana kwamba kitavunjika.

"Sio," akasema.

Neno hilo tu. Nilikuwa nategemea hata niambiwe ni mbaya.

Jumatatu, 31 Machi

Nimeloweka upya, chupa mbili safari hii. Utepe wa bluu ni wa sukari nyingi, utepe wa manjano sukari kidogo. Nimekausha forosadi moja moja kwa kitambaa. Moja moja. Mtu asiyempenda mumewe hawezi kufanya kazi hii, nakwambia.

Jumapili, 6 Aprili

Mume wangu amenitengenezea rafu ya stoo kwa mbao za kreti, akaandika jina langu pembeni kwa msumari. Nimeigusa mara ngapi sijui.

Alhamisi, 10 Aprili

Kila mtu ana ushauri. Mdomo anasema mzee alitia mdalasini, anakumbuka harufu. Fundi bomba anasema katu, mdalasini ni uongo, bali chupa ilikaa karibu na jiko. Mke wa fundi bomba anasema ganda la chungwa. Bosi wangu dukani, ambaye hakuwahi kumwona mzee wala mforosadi, anasema nitie asali. Nimeloweka chupa ya tatu, utepe wa kijani, nimetia mdalasini na ganda la chungwa ili waninyamazie. Asali nimekataa.

Nikamuuliza mama mkwe yeye anakumbuka nini. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Mimi sikuwa mnywaji."

"Lakini uliishi naye, mama. Ulimwona akitengeneza."

"Nilimwona akitengeneza," akasema, "hayo unayoyafanya wewe. Hakufanya kingine."

Sasa hapo nimeambiwa nini?

Jumamosi, 19 Aprili

Bluu na manjano tumeonja leo. Wote waliizunguka meza kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Mume wangu alifumba macho. Akifumba macho anakuwa mzuri mpaka naona aibu mbele za watu.

"Inakaribia," akasema. "Hii ya manjano inakaribia sana. Ila kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui. Kuna kitu tu. Ya baba ilikuwa inashika ulimi, hapa pembeni. Ilikuwa na... kama uchungu fulani, lakini si uchungu."

"Si uchungu halafu ni uchungu."

"Eeh. Hapo umenielewa, mke wangu."

Sikumwelewa hata kidogo. Mama mkwe akaweka kijiko. "Sio."

Nilikwenda kulia bafuni, nikajisemea nalia kwa sababu ya moshi wa jiko. Jiko letu ni la gesi.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Forosadi zinaanguka kabla hazijaiva na kuoza chini. Nimeokota zilizofaa, bakuli moja dogo tu.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo sina hamu ya kuandika na ndiyo maana naandika.

Mume wangu alikuwa na zamu ya kuitwa. Fundi wa lifti akiwa zamu hukaa na simu, watu wakikwama anakwenda. Anajua. Mimi najua. Hata paka anajua. Lakini mchana fundi bomba alikuja na mvua ikawafungia ndani, wakaanza kubishana kama mdalasini ulikuwepo au haukuwepo, wakaamua kuifungua chupa ya kijani ambayo hata siku zake hazijafika. Mimi nilikuwa dukani. Niliporudi, fundi bomba amelala kwenye kiti mdomo wazi, na mume wangu yuko sakafuni anajaribu kuvaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia, simu inalia pembeni.

Nilipokea mimi. Mfagiaji wa jengo la ofisi amekwama kati ya ghorofa na ghorofa, yeye na ndoo zake, taa imezimika. Nasikia sauti yake nyuma ya sauti ya mlinzi, anaita mama yake. Mtu mzima.

"Nakuja," mume wangu akasema pale sakafuni. "Mwambie nakuja."

"Huji popote," nikamwambia. Nikampigia mwenzake wa kazini, nikambembeleza, naye akaenda na mvua ile. Yule mfagiaji alitolewa, lakini walimkuta amekaa ndani ya giza muda ambao mimi sitaki hata kuufikiria. Msimamizi wao ameshapiga simu. Jumatatu mume wangu atapewa onyo.

Nilimfokea. Ni mara yangu ya kwanza kumfokea mume wangu na sikujua kuwa nina sauti ile. Akanitazama kama mtoto.

"Lakini baba alikuwa anakunywa glasi tatu," akasema. "Tatu, mke wangu, halafu anarudi kiwandani kupanga herufi ndogo kama chawa, hakosei hata moja. Mzee alikuwa na kichwa cha chuma. Uliza mtu yeyote."

"Basi wewe huna kichwa hicho."

"Mimi ni mwanawe," akasema, akalala palepale.

Mama mkwe ndiye aliyemletea mto. Alisimama akimtazama, na uso wake ulikuwa wa mtu mwingine. Nilitegemea anilaumu mimi, mwenye chupa.

"Huyu amechukua koo la baba yake," akasema.

"Lakini wanasema baba hakulewa, mama."

"Ndivyo wanavyosema."

Akaenda jikoni kuwasha jiko.

Jumapili, 27 Aprili

Hatujazungumza mpaka jioni. Jioni alikuja na ua la kuchuma kwenye ua wa jirani, limekatika shingo. Nimemsamehe. Nimeliweka kwenye glasi, linainama.

Jumatatu, 28 Aprili

Amepewa onyo la maandishi. Likija la pili hana kazi. Ameapa mbele yangu kwamba akiwa zamu hagusi.

Amesema pia nisiache kujaribu. Ameapa na amesema nisiache, kwa pumzi moja.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeonjesha iliyobaki ya kijani. Fundi bomba anasema mdalasini umeua. Mdomo anasema mdalasini haukutosha. Mume wangu: "Inakaribia. Ila kuna kitu."

Nimemwambia akitamka tena kuna kitu nitahamia dukani nilale kwenye makreti ya vioo. Akanibusu shavuni akadhani natania.

Mama mkwe: "Sio."

Naanza kukichukia kijiko chake. Si yeye, kijiko. Kile cha mpini uliopinda, anachokifuta kabla na baada. Mwanzoni nilidhani anapenda kuniona nashindwa. Leo nilimtazama vizuri alipoonja. Hakufurahi. Alionja haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa, akasema neno lake akashusha macho. Kama hapendi kuniona nashindwa, na jibu analijua, kwa nini asiniambie? Na kama halijui, anajuaje kuwa sio?

Jumatano, 14 Mei

Chai tena. Nilikuwa nakaribia kuimwaga, nikakumbuka, nikairudisha kwenye birika. Nimeanza kuwa kama wao.

Jumapili, 18 Mei

Upepo wa jana umeangusha tawi kubwa. Msimu umekwisha. Tulichuma zilizobaki mimi na mume wangu, yeye juu, mimi chini na shuka, lakini hatukucheka kama siku ile ya Machi. Aliniuliza kama nimechoka naye. Nikamwambia nimechoka na baba yake. Akaketi vizuri kwenye tawi, akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia: kwamba ameanza kuisahau sauti ya mzee. Sura anaiona kwenye picha, lakini sauti inamponyoka. Akikumbuka ladha ile, anasema, sauti inarudi, mzee anamwambia usimwage, usimwage, shika glasi kwa mikono miwili. Alikuwa mdogo, anapewa tone la kulamba.

Nikamwomba ashuke. Nilimkumbatia na forosadi zote zikapondeka katikati yetu.

Chupa ya mwisho ni utepe mweupe. Haina mdalasini, haina chungwa, haina ushauri. Ni kama mzee alivyosema. Wifi anafika tarehe mosi Juni. Ikishindwa hii, forosadi hazipo tena, na mume wangu atamwona dada yake akionja kitu ambacho si baba yao.

Jumapili, 25 Mei

Nimeonja utepe mweupe kwa ncha ya kidole. Ni tamu, kali, nzuri. Sio.

Nimeisema mwenyewe, na kwa sauti yake.

Alhamisi, 29 Mei

Dukani maji yaliingia saa za mchana, tukanyanyua vioo juu ya meza na bosi akatufukuza kwenda nyumbani. Nilipitia mlango wa uani ili nisichafue sebule. Viatu mkononi, soksi zimelowa, sikutoa sauti yoyote.

Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya rafu yangu, kifuniko cha chupa ya utepe mweupe kiko chini ya kwapa lake, na mkononi ameshika birika. Alikuwa anamimina. Taratibu, uzi mwembamba mweusi, bila kupima, huku ameinamisha kichwa kama anayesikiliza. Akaacha. Akatazama. Akaongeza kidogo. Mkono ule ulijua kazi yake, haukutetemeka wala kusita. Si mkono wa mtu anayejaribu.

Chupa yangu ya mwisho. Nikasema, "Mama."

Hakushtuka kama nilivyotaka ashtuke. Aliweka birika chini kwanza.

"Mapema leo, bibi harusi."

"Unatia nini?"

"Unaona ninachotia."

"Chai."

"Chai."

"Chai ya asubuhi."

"Ya jana," akasema. "Ya asubuhi haijakomaa."

Nikakaa juu ya gunia la mchele na soksi zangu zilizolowa. Nilitaka kupiga kelele na nilitaka kucheka. Yeye akafunga kifuniko, akaipindua chupa mara moja, akaisimamisha. Rangi ilikuwa ileile. Nani angejua? Kitu cheusi ndani ya kitu cheusi.

"Watoto walikuwa wadogo," akasema, ananipa mgongo. "Baba yao akimaliza kazi anakaa pale uani na chupa. Moja, mbili, tatu, na mashine za kiwandani zile hazina huruma, zilishakata kidole cha mwenzake. Nikasema naye. Akanikasirikia. Nikasema tena, akanikasirikia zaidi. Nikaona nitasema mpaka lini? Nikatia chai. Nilidhani atagundua siku ileile."

"Hakugundua?"

"Alisema ya mwaka huo ndiyo bora kuliko zote." Akageuka, na nikaona anazuia kicheko au kitu kingine. "Akawaita majirani. Mwaka uliofuata nikatia zaidi. Akasema imekuwa bora zaidi. Akaanza kufundisha watu. Si unamjua fundi bomba? Alimfundisha kila kitu, maskini, kwa moyo wake wote. Mwenyewe hakuelewa kwa nini ya fundi haifanani. Akaamua kuwa ana mkono."

"Na kichwa cha chuma."

"Na kichwa cha chuma," akasema.

Tulicheka, Mungu atusamehe, tulicheka tumeshika midomo ndani ya stoo ile, mpaka alipofuta macho kwa kanga na nikaona kwamba mimi bado nimekasirika.

"Mama, tangu Machi. Nimekausha forosadi moja moja. Nimelia. Umekaa pale mezani na kijiko chako unasema sio, sio, sio."

"Ilikuwa sio."

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Kwamba mume wangu nilimdanganya miaka yote hiyo na mapenzi yake yote kwa kinywaji kile yalikuwa mapenzi ya kiporo cha chai? Wewe ungemwambia mumeo kabla jua halijatua. Nyinyi hamfichani. Nimewasikia mtini."

Na ni kweli.

"Kwa nini leo, basi?"

Akachukua birika lake. "Nilimsikia mtini pia aliposema habari ya sauti," akasema.

Akatoka. Amesahau kuniambia nisiseme. Au hakusahau.

Ijumaa, 30 Mei

Mume wangu ananiuliza nina nini. Nimesema maji ya dukani, vioo, uchovu. Akanikanda miguu. Anakanda vizuri mno na kila alipobonyeza nilikaribia kusema.

Nimekasirika na mama. Nimekasirika na mzee kwa kudanganywa kirahisi hivyo. Nimekasirika na mforosadi. Zaidi ya yote nimekasirika kwamba kitu nilichokitafuta msimu mzima nilikimwaga mwenyewe kwenye sinki tarehe kumi na nne Machi, nikakemewa, nikaja kulalamika.

Nikimwambia, hatutakuwa tumefichana. Lakini atakapofumba macho na kuonja, atasikia nani? Atamsikia baba yake au birika?

Jumapili, 1 Juni

Mvua imekatika kama iliyoambiwa. Wifi alifika na masanduku na watoto, mrefu, sauti yake imejaa nyumba. Alinikumbatia akanipima kwa mikono kama kitambaa, akamwambia mama, "Mbona hamkusema ni mzuri hivi, mlimficha?" Nikampenda papo hapo.

Tulikaa uani chini ya mti. Mama, wifi, mume wangu, Mdomo, fundi bomba na mkewe. Nilileta chupa ya utepe mweupe, nikamimina glasi ndogo ndogo. Nikamwaga kidogo mezani.

"Usimwage," mume wangu akasema, halafu akajisikia alivyosema.

Wifi ndiye aliyeonja kwanza. Akashika meza. Machozi yalimtoka tu kama mtu aliyekatiwa kitunguu. Fundi bomba akaonja, akavua kofia. Mume wangu alifumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, na mimi nilisimama na chupa kifuani kana kwamba naulizwa tena kama nakubali kuolewa.

"Yupo," akasema.

Kisha wote wakaongea kwa pamoja. Mdomo anasema alijua kuwa ni mdalasini, fundi bomba anamwambia afunge bakuli lake. Na mume wangu akafumbua macho yale, akaniuliza mbele ya wote, "Ulitia nini, mke wangu?"

Wakageuka wote kunitazama. Mama mkwe alikuwa anakifuta kijiko chake. Hakunitazama. Alikifuta, akakifuta.

Tusifichane kitu, hata kiwe kidogo kama sindano.

"Sikutia kitu," nikasema. "Ni mkono."

Fundi bomba alipiga meza kwa kiganja. "Maneno ya mzee hayo. Maneno yake kabisa." Wifi akanibusu paji la uso. Mume wangu alinitazama kwa fahari ambayo siistahili, na niliipokea yote.

Mama akaonja wa mwisho. Akaweka kijiko juu ya sahani.

"Ndiyo," akasema. Na bila kuinua kichwa: "Wewe, birika limepoa. Usikae tu hapo, nenda ukaongeze maji."

Wewe. Hakusema bibi harusi. Nilikimbia jikoni kama niliyeitwa kupokea zawadi.

Niliporudi mume wangu alikuwa anajimiminia ya tatu. Anacheka, anamwambia dada yake, "Angalia, tatu, na kichwa safi. Si nilisema mimi ni mwanawe?" Mkono wake ukaishika tena shingo ya chupa bila yeye mwenyewe kuutazama. Mimi niliutazama. Nikainua macho, nikakutana na ya mama, ng'ambo ya meza.

Jumatatu, 2 Juni

Amekwenda kazini amenyooka, ananukia sabuni, amenibusu mara mbili mlangoni na ya tatu akarudi kunitafuta jikoni. Leo yuko zamu. Nampenda mpaka naumwa.

Stoo bado zipo chupa za bluu na manjano, zote mbili kali. Nimeosha vikombe, nimeosha sahani, nimefuta meza. Chai iliyobaki sijaimwaga. Nimeifunika.